PROGRAMU YA UJUMBE KATIKA KOMPYUTA YA CHAMA: KUIWEKA, KUITUMIA NA KUILINDA



Msimu uliopita wa kahawa nilifika katika chama kimoja cha msingi wilayani Mbozi kwa ukaguzi wa kawaida. Vitabu vilikuwa safi. Daftari la mapokezi lililingana na stakabadhi, na daftari la fedha lilifungwa kila siku kama inavyotakiwa. Lakini nje ya ofisi niliwakuta wanachama saba wameketi kwenye ngazi, wala hawakuwa wamekuja kuuza kahawa. Kila mmoja wao alikuwa amepokea ujumbe uliomtaja kwa jina lake na kwa kilo alizouza, ukimtaka atume shilingi 15,000 za kushughulikia malipo kabla ya kupewa haki yake. Mama mmoja mjane alikuwa ametuma mara mbili.

Jambo lililowaumiza zaidi wanachama hao halikuwa fedha peke yake. Ujumbe ule ulitoka katika namba ya chama yenyewe. Kwa hiyo walimtazama Katibu, naye Katibu alitazama chini. Alikuwa ameamka asubuhi na kukuta katika simu ya chama maneno ambayo hakuyaandika, yametumwa usiku wa manane, naye hakuwa na namna ya kuthibitisha kwamba mkono haukuwa wake. Siku ile alikuwa amekwisha kuandika barua ya kujiuzulu.

Tulipoketi na kurudi nyuma siku baada ya siku, chanzo kilionekana. Wiki mbili kabla, Katibu alikwenda Tunduma kuchapisha orodha ya malipo katika duka moja la huduma za uandishi. Alifungua ujumbe wa chama katika kompyuta ya dukani, akachapisha karatasi zake, akalipa, akaondoka. Hakuufunga mlango alioufungua. Tangu saa ile, yeyote aliyeketi mbele ya kompyuta ile aliweza kusoma barua zote za chama na kuandika kwa jina la chama.

Nami nakiri sehemu yangu ya kosa. Katika semina niliyoiendesha mimi mwenyewe niliwasifia makatibu uzuri wa kutumia ujumbe kwa njia ya kompyuta, lakini sikuwafundisha namna ya kufunga mlango. Makala haya ni deni ninalolilipa. Yatakueleza programu hii ni kitu gani, inavyowekwa, inavyotumika kwa kazi halali za chama, na inavyolindwa.

PROGRAMU HII NI KITU GANI

Zamani chama kilipotaka kupeleka habari kwa Chama Kikuu, kiliandika barua na kuitia posta, na jambo la haraka lilipelekwa kwa simu ya maandishi. Baadaye ikaja barua pepe, ambayo hufika upesi lakini humngoja mtu aifungue. Programu ya ujumbe wa papo kwa papo ni hatua nyingine: mwandishi akiandika huku, maneno hutokea pale pale katika kioo cha mpokeaji, naye aweza kujibu mara moja, na mazungumzo yote hubaki yamepangwa kwa tarehe na saa.

Programu za namna hii zilianza katika kompyuta kabla ya kuingia katika simu za mkononi. ICQ ilitoka mwaka 1996, Yahoo! Messenger ikafuata mwaka 1998, na Skype mwaka 2003. WhatsApp, ambayo ndiyo wengi wetu tunaijua katika Mkoa wa Songwe, ilianzishwa Marekani mwaka 2009 kama programu ya simu, ikanunuliwa na kampuni ya Facebook mwaka 2014. Mwaka 2015 iliwezekana kuifungua kwa njia ya kivinjari cha kompyuta, na mwaka 2016 ikatoka programu yake ya kuwekwa ndani ya kompyuta. Kwa kuwa ndiyo iliyoenea, nitaitumia kama mfano. Lakini kanuni nyingi nitakazozitaja zafaa kwa programu nyingine zozote za jamii hiyo.

Huenda mwanachama akauliza: ikiwa ujumbe uko katika simu, kompyuta ya nini? Sababu ziko tatu. Kwanza, kazi za ofisi zimo katika kompyuta. Orodha ya mapokezi, barua na taarifa ya mwezi huandikwa humo, na ni rahisi kuzituma moja kwa moja kuliko kuzihamishia kwanza katika simu. Pili, kuandika kwa vitufe vya kompyuta ni kwepesi, na makosa ya tarakimu huonekana mapema katika kioo kikubwa. Tatu, na hii ndiyo kubwa, kompyuta iko ofisini. Simu husafiri na Katibu kwenda shambani, msibani na mnadani. Kompyuta hubaki mezani, na Katibu Msaidizi au Mhasibu aweza kuona habari iliyofika.

YANAYOTAKIWA KABLA YA KUANZA

Jambo la kwanza ni laini ya simu ya chama. Isiwe laini ya Katibu wala ya Mwenyekiti. Laini nyingi nchini husajiliwa kwa alama za vidole na kwa namba ya kitambulisho cha Taifa cha mtu binafsi, na mtu huyo akiondoka madarakani, huondoka na laini, na mazungumzo yote ya chama huondoka naye. Kwa hiyo Bodi imwendee mtoa huduma wa simu na kuomba utaratibu wa kusajili laini kwa jina la taasisi, ikiwa na cheti cha uandikishaji wa chama.

Jambo la pili ni simu janja moja ya chama, ambayo hukaa ofisini na kuandikwa katika daftari la mali kama mizani inavyoandikwa. Programu ya kompyuta haijitegemei. Ni tawi, na shina lake ni simu. Hailazimu simu iwe imewashwa kila wakati ndipo kompyuta ifanye kazi. Lakini simu isipounganishwa na intaneti kwa muda wa zaidi ya siku 14, kompyuta hutolewa nje ya akaunti. Chama kinachofunga simu kabatini baada ya msimu kikumbuke jambo hili.

Jambo la tatu ni kompyuta yenyewe. Programu huhitaji Windows 10 au toleo lililo jipya zaidi. Hata hivyo, tangu tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft imeacha kutoa marekebisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10. Kompyuta ya namna hiyo huendelea kuwaka, lakini ni kama ghala lenye kufuli lisilofanyiwa ukarabati. Chama chenye uwezo kibadilishe toleo. Kisicho na uwezo kizidishe hadhari.

Jambo la nne ni intaneti. Vyama vingi hutumia simu ileile kugawa mtandao kwa kompyuta. Hilo lafaa, ila pimeni kifurushi kabla ya kupakua programu, kisha mkiisha kuiweka ingieni katika mipangilio yake na kuzima upakuaji wa picha na video usioombwa. Picha za kheri za sikukuu kutoka kwa wanachama mia mbili zaweza kumaliza kifurushi cha mwezi kwa siku moja.

HATUA ZA KUWEKA PROGRAMU

1. Washa kompyuta na uangalie tarehe na saa iliyoko pembeni chini ya kioo. Kama si sahihi, irekebishe kwanza. Sababu nitaieleza mbele.

2. Fungua duka la programu la Microsoft Store lililomo ndani ya Windows. Andika jina la WhatsApp katika nafasi ya kutafutia. Soma jina la mtengenezaji kabla ya kubonyeza chochote. Usipakue programu hii kwa kupewa katika kifaa cha mkononi cha kuhifadhia mafaili, wala kwa kiungo alichokutumia mtu, kwa maana zipo programu za bandia zilizotengenezwa kwa sura ileile ili kuiba.

3. Bonyeza kitufe cha kuipata programu na usubiri imalizike. Kisha ifungue. Kioo kitaonyesha mraba wenye vidoadoa vyeusi na vyeupe, uitwao msimbo wa QR.

4. Chukua simu ya chama, fungua WhatsApp, kisha fungua orodha ya mipangilio. Katika simu za Android orodha hiyo hupatikana kwa kugusa vidoti vitatu vya juu. Tafuta mahali palipoandikwa vifaa vilivyounganishwa, halafu uchague kuunganisha kifaa. Simu itakutaka uthibitishe kwa kidole au kwa namba ya siri ya kuifungulia.

5. Elekeza kamera ya simu kwenye ule mraba wa kompyuta. Kamera ikiisha kuusoma, simu na kompyuta zitatambuana. Ngoja kwa uvumilivu ujumbe wa siku za karibuni uhamie katika kompyuta. Mahali penye mtandao dhaifu kazi hiyo yaweza kuchukua muda.

6. Rudi katika orodha ile ya vifaa na uhakikishe kwamba kifaa kilichoongezeka ni kimoja tu, nacho ni kompyuta ya ofisi. Vifaa vinavyoruhusiwa kuunganishwa na simu moja ni vinne. Chama kinahitaji kimoja, au viwili kikiwa na ofisi kubwa.

Asiyetaka kuweka programu aweza kufungua kivinjari na kuandika anwani web.whatsapp.com, kisha akafuata hatua ya nne na ya tano. Aandike anwani hiyo kwa mkono wake, herufi kwa herufi, asiitafute kwa jina, kwa kuwa zipo kurasa za bandia zinazofanana nayo.

KUITUMIA KWA KAZI ZA CHAMA

Chama kifungue kundi la matangazo, ambamo wasimamizi peke yao ndio wanaoandika na wanachama husoma. Mpangilio huo umo ndani ya programu. Wasimamizi wasipungue wawili, ili mmoja akiugua mwingine aweze kutoa tangazo. Humo zitangazwe siku za kupokea kahawa au ufuta, siku lori litakapofika, tarehe ya mkutano, na bei iliyopatikana mnadani. Mijadala, maswali na salamu vifanyike katika kundi jingine au kwa ujumbe wa mtu kwa mtu. Kundi moja likibeba yote, tangazo la lori hupotea chini ya salamu za asubuhi.

Andikeni tangazo kama mnavyoandika barua: tarehe, jambo, mahali, saa, na cheo cha mwenye kutangaza. Ujumbe wa sauti usitumike kwa tangazo rasmi, kwa sababu haupekuliki wala hauchapishiki.

Yafaa pia Katibu azielewe alama ndogo zilizo pembeni mwa ujumbe. Alama moja ya vema ina maana kwamba ujumbe umetoka kwako. Alama mbili zina maana kwamba umefika katika kifaa cha mwenzako. Alama mbili zikigeuka kuwa za buluu, amekwisha kuufungua. Katika kundi, alama huwa za buluu pale tu wote watakapokuwa wameufungua. Lakini mtu aweza kuzima alama hizo za buluu katika simu yake, na kwa hiyo kutokuwapo kwake si ushahidi kwamba hakusoma; na kuwapo kwake si ushahidi kwamba ameelewa. Jambo zito lifuatwe kwa simu ya sauti.

Zaidi ya hayo, tusisahau kwamba si kila mwanachama ana simu janja. Katika kata nyingi za Mbozi, Ileje na Momba wapo wazee wenye simu ndogo za vitufe, na wapo wasio na simu kabisa. Kila tangazo la kundi lichapishwe na kubandikwa katika ubao wa matangazo siku hiyo hiyo. Chama ni cha wote, na mwanachama asikose haki yake kwa kukosa kioo.

Tena, ujumbe haushiki nafasi ya taratibu za kisheria. Taarifa ya mkutano mkuu hutolewa kama Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 na masharti ya chama chenu yanavyoagiza. Taarifa na makisio hupitia Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, yaani MUVU, uliowekwa na Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Ujumbe wa papo kwa papo ni wa kukumbusha na kuharakisha; si wa kuidhinisha. Hasa katika fedha, hakuna malipo yatakayofanywa kwa sababu "Mwenyekiti ameandika". Na mtu akileta ujumbe kwamba namba ya akaunti ya mnunuzi au ya msafirishaji imebadilika, Katibu ampigie mhusika kwa namba aliyokuwa nayo tangu zamani, asikie sauti yake, kisha adai barua yenye saini na mhuri. Wezi wengi huingia kwa mlango huo.

SAA NA MTANDAO WA MPAKANI

Sisi wa Tunduma tuna jambo ambalo wenzetu wa mikoa ya ndani hawalijui. Ng'ambo ya mpaka, Nakonde, Zambia hutumia saa ya Afrika ya Kati, ambayo iko nyuma ya saa yetu kwa saa nzima. Kukiwa saa nne asubuhi Tunduma, Nakonde ni saa tatu. Karibu na mpaka hutokea simu ikakamata mnara wa ng'ambo na kujirekebisha yenyewe kwa saa ya huko. Ujumbe uliopokewa ofisini saa 14:10 utaonekana katika simu hiyo kuwa ni wa saa 13:10. Kwa kuwa programu huonyesha saa ya kifaa, watu wawili waweza kubishana juu ya saa ya ujumbe mmoja, na wote wawili wakawa wakweli.

Kwa hiyo fanyeni mambo mawili. Katika mipangilio ya simu na ya kompyuta ya ofisi, zimeni urekebishaji wa saa unaojiendesha na kuchagua wenyewe saa ya Afrika Mashariki. Na katika simu, zimeni ruhusa ya kutumia data ya mtandao wa kigeni, kwa maana gharama yake haifanani na ya kifurushi cha nyumbani. Matangazo ya mkutano yataje waziwazi "saa ya Tanzania" endapo baadhi ya wanachama hufanya kazi au biashara ng'ambo.

Saa ya kompyuta ina uzito mwingine. Programu inapojaribu kuunganishwa, hukagua hati ya utambulisho ya mtambo inaouendea, nayo hati hiyo ina tarehe ya kuanza na ya kwisha. Kompyuta ikiwa na tarehe ya miaka mingi iliyopita, huiona hati kuwa si halali na kukataa kuunganishwa. Katibu hudhani mtandao umekatika, kumbe betri ndogo ya ndani inayotunza saa ndiyo iliyokufa. Dalili yake ni kwamba kila umeme ukatikapo, tarehe hurudi nyuma. Betri hiyo ni ya bei ndogo, na fundi huibadilisha kwa dakika chache.

KUFUNGA MLANGO

Tangu Aprili 2016 ujumbe wa WhatsApp husafiri ukiwa umefungwa kwa msimbo, hata kampuni yenyewe haiwezi kusoma maneno yanayopita kati ya watu wawili. Wengi wamelisikia jambo hili na kutulia. Lakini ulinzi huo ni wa njiani. Ni kama gari la fedha lenye askari: likiisha kufika na fedha kumwagwa mezani mbele ya dirisha lililo wazi, askari wa njiani hawana msaada tena. Meza ndiyo kompyuta yenu.

Kanuni za ulinzi ni hizi:

Kwanza, kompyuta ya ofisi iwe na neno la siri la kuifungulia, na Katibu akiinuka kitini aifunge, hata kama anakwenda kunywa maji.

Pili, akaunti ya chama isifunguliwe kamwe katika kompyuta ya duka, ya hoteli wala ya rafiki. Anayetaka kuchapisha orodha mjini aibebe katika kifaa cha mkononi cha kuhifadhia mafaili. Ikiwa imelazimu kabisa, asiondoke mpaka atoke ndani ya akaunti kwa kitufe chake. Kufunga dirisha peke yake hakutoshi.

Tatu, kila Jumatatu asubuhi Katibu afungue katika simu ile orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Humo huonekana kila kifaa na wakati kilipotumika mara ya mwisho. Akiona kifaa asichokijua, akiguse na kukitoa nje papo hapo. Kama Katibu wa chama kile nilichokitaja angalifanya hivyo Jumatatu moja tu, mwizi asingalipata wiki mbili.

Nne, iwekwe namba ya siri ya hatua ya pili, yenye tarakimu sita, katika mipangilio ya akaunti. Namba hiyo huzuia mtu mwingine asiisajili namba ya chama katika simu yake. Iandikwe katika karatasi, itiwe ndani ya bahasha iliyofungwa kwa lakiri, na ihifadhiwe katika kasiki pamoja na hati nyingine. Vivyo hivyo, tarakimu sita zinazoletwa kwa ujumbe mfupi wakati wa kusajili akaunti asipewe mtu yeyote, hata akijitambulisha kuwa ni mkaguzi. Mimi sitaziomba.

Tano, orodha zenye majina, namba za vitambulisho na akaunti za benki za wanachama zisitumwe katika kundi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka kila anayetunza habari za watu azilinde. Mwanachama alitoa habari zake apate kulipwa. Hakuzitoa zisomwe na kijiji kizima.

Na endapo mlango umekwisha kuvunjwa, msipoteze muda kwa kulaumiana. Toeni vifaa vyote nje ya akaunti, watangazieni wanachama kwa ubao na kwa sauti kwamba wasitume fedha, hifadhini picha za ujumbe ule wa ulaghai, pelekeni namba ya simu iliyotakiwa kupokea fedha kwa kuituma kwenda 15040, kisha mkatoe taarifa polisi.

KUTUNZA KUMBUKUMBU

Nilizitaja mwanzoni programu za ICQ, Yahoo! Messenger na Skype. Zilitumiwa na mamilioni ya watu duniani. Yahoo! Messenger ilifungwa Julai 2018, ICQ ikafungwa Juni 2024, na Skype Mei 2025. Aliyeweka kumbukumbu zake zote humo alipewa muda wenye kikomo wa kuzihamisha, na aliyechelewa alizikosa. Hakuna ajuaye programu ya leo itaishi hadi lini.

Tena ujumbe si kama wino. Mwandishi aweza kuurekebisha ndani ya dakika 15 baada ya kuutuma, au kuufuta kwa wote. Upo pia mpangilio wa kufanya ujumbe utoweke wenyewe baada ya muda. Katika makundi ya chama mpangilio huo uzimwe. Kwa sababu hizi, ujumbe wenye uzito, mathalani makubaliano na msafirishaji au taarifa ya bei, uchapishwe, utiwe saini ya Katibu na tarehe, na uingizwe katika jalada linalohusika. Mafaili yaliyopokelewa yasiachwe mahali pa upakuaji. Yahamishiwe katika folda yenye mwaka na jina la jambo, na nakala iwekwe katika kifaa kingine kinachotunzwa mbali na kompyuta. Katibu anapokabidhi ofisi, hati ya makabidhiano itaje laini, simu, bahasha ya namba ya siri na orodha ya vifaa vilivyounganishwa, na vyote viandikwe mbele ya Bodi.

MWISHO

Ndugu zangu, mtaniuliza habari za chama kile. Barua ya Katibu haikupokelewa. Wanachama waliitishwa, nikawaeleza mbele yao mlango ulivyoachwa wazi, na Katibu akasimama akakiri uzembe wake, naye hakukiri wizi, kwa kuwa hakuiba. Mwizi hajajulikana hadi leo. Bodi ilitoa karipio la maandishi na kuweka masharti ya kutumia kompyuta, ambayo mengi yake mmeyasoma hapo juu. Fedha za yule mama hazikurudi. Aliposimama kuzungumza alisema kwamba hakutuma zile shilingi kwa sababu ya ujinga, bali kwa sababu ujumbe ulitoka katika namba ya chama chake, na yeye huamini chama chake.

Maneno hayo ndiyo ninayotaka kila Katibu ayaweke mezani kando ya kompyuta. Namba ya chama ni kama mhuri wa chama, na hakuna kati yetu anayeuacha mhuri dukani Tunduma. Kuanzia robo hii, nitakapopita kukagua daftari la fedha na mizani, nitaomba pia nionyeshwe orodha ya vifaa vilivyounganishwa na bahasha iliyo ndani ya kasiki. Ninatumaini nitavikuta vyote viwili mahali pake.

Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika
Mkoa wa Songwe